Baridi hunishika nikishamaliza kukimbia. Je, bakuli la pho linatosha?

Swali: Kocha, habari za kazi. Kila Jumamosi alfajiri hukimbia kilomita 14 hivi katika njia ya msituni, na miezi hii ukungu hautoki mpaka saa tatu. Nikiwa njiani nasikia joto zuri kabisa. Taabu huanza nikishasimama. Hazipiti dakika kumi natetemeka, vidole vinakufa ganzi, na tumbo halitaki chakula kwa saa nzima. Mwenzangu ninayekimbia naye anasema dawa yake ni pho, ile supu ya Kivietnamu yenye tambi za mchele. Nimeinywa mara mbili na kweli imenifaa. Lakini supu tu yaweza kurudisha nilichopoteza, au najidanganya? Na hiyo baridi inatoka wapi, maana wakati nakimbia sikuwa nayo?

Jibu: Mwenzako anaipenda pho kwa haki, ila ameipa kazi isiyo yake. Ni chakula kizuri mno kwa mtu aliyetoka kwenye ukungu na nitakueleza kwa nini, lakini kinachoondoa baridi ni fulana kavu, tena ndani ya dakika tano za mwanzo, kabla hujawaza chungu. Ukikosea mpangilio huo utakula ukitetemeka.

Baridi yako inatoka kwenye joto lako mwenyewe. Misuli inapofanya kazi, ni robo hivi tu ya nishati inayokusogeza mbele. Iliyobaki hugeuka joto. Kwa saa moja na nusu umebeba jiko linalowaka, na mwili unalipoza kwa njia mbili: unatoa jasho, na unaisukuma damu ya moto hadi karibu na ngozi ili hewa ichukue lile joto. Siku kavu jasho huruka na mambo yanakwenda. Katika ukungu hewa imeshashiba maji. Jasho huruka kidogo kutoka kwenye ngozi yenye moto, kisha mvuke wake hukutana na kitambaa kilichopoa na kuwa maji tena ndani ya fulana yako.

Juu ya hayo kuna ukungu wenyewe. Matone yake ni madogo kiasi kwamba hayaanguki, yanaelea, na chochote kinachopita kinayakamata: nyusi, nywele, mikono ya fulana. Miti nayo hukamata. Bila shaka umewahi kuona uwanja wa wazi kando ya msitu ukiwa mkavu, na ukiingia chini ya matawi kunadondoka kama mvua. Ni ukungu ulionaswa na majani, matone yakaungana hadi yakawa mazito, yakaanguka. Kwa hiyo unalowa kwa ndani kutokana na jasho na kwa nje kutokana na msitu, na hujui, kwa kuwa jiko bado linawaka.

Kisha unasimama. Misuli inaacha kutengeneza joto lile papo hapo, lakini mishipa ya damu kwenye ngozi haifungi kwa kasi hiyo. Hubaki wazi kwa dakika nyingi ikiendelea kumwaga joto nje. Na maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia. Jiko limezimwa, madirisha yako wazi, nawe umevaa maji. Hizo ndizo dakika kumi zako.

Mwaka mmoja nilisimama mwisho wa njia nikiwasubiri wenzangu wanne. Nilikuwa na sweta kavu mkobani na nikajiambia nitalivaa wakifika. Walikawia robo saa. Nilipoinama kufungua zipu, vidole havikuweza kuishika, ikabidi mtu mwingine anifungulie. Tangu siku hiyo nawafundisha wakimbiaji wangu wapange mkoba kabla ya kuondoka: fulana kavu juu kabisa, isiyo na vifungo, na mkoba wenyewe usifungwe kwa kitu kinachohitaji vidole vyepesi. Ukifika, usijinyooshe, usipige picha. Vua kila kilicholowa kifuani na mgongoni, pamoja na vazi la ndani, jifute, vaa kikavu, kisha kofia. Soksi na viatu vifuate. Miguu iliyolowa inakera, lakini kiwiliwili ndicho kinachoamua kama utatetemeka. Pamba ikae nyumbani, kwa sababu hunywa maji na kuyashika. Sufu nyepesi au kitambaa cha sintetiki kinafaa zaidi.

Kuhusu maji ya moto bafuni, nakuomba subira. Mara tu baada ya kukimbia shinikizo la damu huwa limeshuka kidogo na mishipa iko wazi. Maji ya moto sana huizidisha, na wapo wanaoona kizunguzungu hata kuanguka. Acha mtetemeko uishe kwanza, kisha oga kwa maji ya vuguvugu, na uwe na mahali pa kushika.

Sasa supu. Tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo imani ya watu wengi ilipo. Nusu lita ya supu ya nyuzi 60 ikiingia katika mwili wa kilo 65 wenye nyuzi 37, joto lake lote likigawanywa mwilini litaupandisha kwa sehemu mbili hivi za kumi za nyuzi moja. Ni kidogo. Unachokisikia kwa nguvu ni koo, tumbo na viganja vilivyoshika bakuli, na faraja hiyo si ya kubeza, ila ukiwa bado na fulana iliyolowa, kitambaa kitaichukua haraka kuliko unavyokunywa.

Thamani ya pho kwa mkimbiaji iko kwingine. Umepoteza maji, chumvi na wanga uliohifadhiwa kwenye misuli. Misuli yenyewe imechakaa kidogo na inahitaji protini. Na wakati huohuo tumbo limegoma. Linagoma kwa sababu ulipokuwa ukipanda vilima damu ilihamishiwa miguuni, utumbo ukabaki na kidogo, na haurudi kwenye shughuli zake mara moja. Ukilipa nyama ya kukaanga na viazi saa hiyo, litakataa. Kitu cha majimaji, cha moto wa wastani, chenye chumvi, kinachoingia kijiko kwa kijiko, hulipita geti hilo bila ugomvi. Baridi pia hudanganya kiu: watu hukimbia saa mbili kwenye ukungu wakidhani hawakutoa jasho, na hawanywi. Supu huwanywesha bila wao kukumbuka.

Je, inatosha? Chukua tena mtu wa kilo 65. Baada ya mbio kama zako, gramu moja ya wanga kwa kila kilo ya mwili ni mwanzo mzuri, yaani gramu 65. Gramu 80 za tambi kavu za mchele zinakupa karibu kiasi hicho. Protini ya gramu 20 hadi 25 inapatikana katika gramu 80 hivi za kidari cha kuku kilichoiva. Sosi ya samaki, kijiko kimoja cha chakula, ina zaidi ya gramu moja ya sodiamu, na sodiamu ndiyo inayofanya maji unayokunywa yakae mwilini badala ya kupitiliza chooni. (Kama daktari amekuagiza upunguze chumvi, agizo lake liko juu ya langu.) Kwa saa ya kwanza, basi, bakuli lililopimwa hivyo linatosha kabisa, hujidanganyi.

Kwa siku nzima halitoshi. Kilomita 14 kwa mtu wa uzito huo ni kalori 900 na zaidi, na njia yenye vilima huongeza. Bakuli nililolieleza lina nusu yake hivi. Baada ya saa mbili tatu tumbo likishafunguka, kula mlo kamili kama kawaida yako, na kama Jumapili unakimbia tena, usiuchelewe. Tatizo la bakuli nyingi za pho zinazouzwa ni supu nyingi na tambi chache. Mtu anashiba maji, anasimama, na saa kumi jioni anashangaa kwa nini miguu imekuwa mizito. Omba tambi za ziada.

Hukuniuliza kuhusu njia yenyewe, lakini umetaja alfajiri, ukungu na msitu katika sentensi moja, nami siwezi kunyamaza. Yote niliyosema yanadhani kwamba unamaliza mbio. Ukiteguka kifundo katikati ya msitu, zile dakika kumi zinaanza pale ulipokaa, kilomita 7 kutoka kwenye sweta lako. Kwa hiyo beba koti jepesi la kuzuia upepo lililofungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, filimbi, na simu yenye chaji, hata kama njia unaijua kwa moyo. Ukungu hubadilisha njia unayoijua: alama za mbali zinapotea, sauti inapungua, na mtu hupita kwenye njia panda bila kuiona.

Mizizi ndiyo inayoangusha. Ule unaokatiza njia kwa mshazari, uliochubuka gome na kulowa, unateleza kama sabuni, usiukanyage, uruke. Fupisha hatua na uziongeze idadi, hasa kwenye mteremko, ili mguu ukiteleza uzito uwe bado juu yako na si mbele yako. Macho yatazame mita tatu au nne mbele. Na kama unatumia taa ya kichwani, utakuwa umeona jinsi ukungu unavyourudisha mwanga usoni mwako kama pazia jeupe. Ivue uishike mkononi usawa wa kiuno, ukipunguza mwanga badala ya kuuongeza. Miale ikipita chini ya macho yako, pazia linafifia na mizizi inaonyesha vivuli vyake.

Kutetemeka kwenyewe si hatari, ni mwili unawasha jiko upya. Cha kuogopwa ni mtu anayeanza kubabaika maneno, kuyumba, kuwa mzito wa kuelewa, au aliyekuwa akitetemeka akaacha ilhali bado ni wa baridi. Huyo huenda joto la ndani limeshuka chini ya nyuzi 35. Mfunike, mtoe kwenye upepo na unyevu, msitembee naye kwa kumburuta, na itafutwe huduma ya dharura. Supu hapo si habari tena.

Turudi kwenye chungu, ambacho nakipenda kuliko ninavyopaswa. Pho, wenyewe wanaandika phở, ilizaliwa kaskazini mwa Vietnam mwanzoni mwa karne ya 20, pande za Nam Định na Hanoi, na wachuuzi waliitembeza mitaani kwa mzega: upande mmoja chungu na jiko lake, upande wa pili bakuli na tambi. Ni chakula cha asubuhi. Na kaskazini huko, mwishoni mwa majira ya baridi, hunyesha manyunyu membamba yasiyotofautiana sana na ukungu wako, huitwa mưa phùn, yanayoweza kudumu siku kadhaa mfululizo. Supu iliyopikiwa asubuhi za namna hiyo inajua inachofanya. Nchi ilipogawanywa mwaka 1954, watu wengi wa kaskazini walihamia kusini na chungu kikaenda nao. Huko kikaongezewa rehani, chipukizi za choroko, ndimu na sosi tamu. Ya kaskazini ilibaki na mambo machache: supu angavu, vitunguu vya majani, pilipili kidogo. Kwa tumbo lililotoka mbioni, mimi huchagua ya kaskazini.

Ya nyama ya ng'ombe huchemshwa saa nyingi, tano sita kwa mifupa. Ya kuku, phở gà, inaiva jioni moja, ndiyo ninayokushauri. Ipike Ijumaa. Chukua kuku mzima wa kilo moja na nusu na lita tatu na nusu za maji. Vitunguu maji viwili na tangawizi ya urefu wa kiganja vichome kwenye moto wenyewe mpaka ganda liwe jeusi na ndani viwe laini, kisha paruza ule weusi. Usiruke hatua hii. Harufu ya moshi na utamu unaotoka hapo ndio unaotenganisha pho na supu ya kuku ya kawaida. Kuku akianza kuchemka, engua povu lote, punguza moto mpaka maji yawe yanacheka tu, bila kuruka. Yakitokota kwa nguvu supu inakuwa na ukungu wake, nawe ukungu umeshaupata wa kutosha asubuhi.

Baada ya dakika 40 angalia paja. Likiwa limeiva, mtoe kuku, ondoa minofu, na mifupa uirudishe chunguni kwa saa moja nyingine. Sasa viungo: kaanga bila mafuta anisi ya nyota punje mbili, kipande cha mdalasini, karafuu mbili na kijiko cha mbegu za giligilani, mpaka jiko linukie, uvitie. Anisi bora ya nyota Wavietnamu huitoa Lạng Sơn, kaskazini kabisa mpakani na China, na inatosha kidogo sana. Ukizidisha, kuku anapotea. Sosi ya samaki itiwe mwisho, ukishazima moto. Ukiitia mapema harufu yake inachoka, na maji yakipungua chumvi inazidi. Chuja, gawanya katika vyombo vidogo ili ipoe upesi, na iingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita. Asubuhi utaikuta imeganda kama jeli. Ni jelatini ya mifupa, dalili kwamba umepika vizuri. Mafuta yaliyoelea juu yaondoe karibu yote, yabaki macho machache tu ya kuleta ladha.

Jumamosi, kabla ya kutoka, chemsha vikombe viwili vya supu hiyo, suuza chupa ya chai kwa maji yanayochemka, ijaze na uiache mkobani pale mwisho wa njia. Hili ndilo badiliko kubwa nitakalokuomba ufanye. Vaa fulana kavu, kofia, kisha kunywa kikombe kimoja taratibu. Maji na chumvi vimeshaanza kurudi kabla hujafika nyumbani, na tumbo limebishiwa hodi kwa upole. Nyumbani loweka tambi kwenye maji ya kawaida kwa nusu saa, muda unaoga na kuvaa, kisha zichovye sekunde 20 kwenye maji yanayochemka, weka kwenye bakuli, panga kuku juu, mimina supu ikiwa inachemka, malizia kwa vitunguu vya majani, giligilani mbichi na ndimu.

Pilipili subiri. Huleta hisia ya moto mdomoni, lakini huufanya mwili utoe jasho na kufungua mishipa ya ngozi, kana kwamba umepata joto jingi kumbe unalimwaga. Ukiwa umekauka, uko ndani na mtetemeko umekwisha, weka upendavyo. Kwa sababu hiyo hiyo bún bò Huế, supu ya mji wa Huế yenye mchaichai, pilipili nyingi na uduvi uliochachushwa, naipenda kwa chakula cha jioni, sikuletei mwisho wa njia. Chipukizi mbichi za choroko nazo huacha mpaka tumbo litulie.

Na siku ambayo hata tambi hazipiti, wapo Wavietnamu wenyewe wamekutangulia: cháo gà, uji wa mchele uliopikwa kwa supu ya kuku na tangawizi, ndio wanaompa mgonjwa na mtoto. Chukua supu hiyo hiyo ya Ijumaa, konzi moja ya mchele, uache upasuke kabisa mpaka hutofautishi punje na maji, chambua kuku nyuzinyuzi ndani yake. Hakuna tumbo la mkimbiaji nililoona likiukataa.

Jambo moja nahitaji kutoka kwako. Jumamosi jipime uzito kabla ya kutoka na mara unaporudi, ukiwa umevua nguo zote, kwa sababu zilizolowa zitakudanganya. Kila kilo iliyopungua ni lita moja ya maji, na unapaswa kurudisha lita moja na robo hadi moja na nusu kwa muda wa saa chache, supu ikihesabiwa humo. Niandikie tarakimu hizo mbili na ulikunywa nini njiani, nikwambie kikombe cha kwenye chupa kiwe kimoja au viwili.